Kiganja cha Mdakaji

Kocha alitoka kwenye benchi akitembea polepole. Katika besiboli, kocha akimwendea mrushaji hivyo, amekuja kuchukua mpira, na mrushaji ndiyo basi. Shomari aliubana wake kifuani. Miaka kumi na minne alikula kwa bega lile.

"Bega vipi?"

"Zima kabisa, Kocha. Niache nimalize."

Kocha akamgeukia Bilali, aliyeidaka mipira ya Shomari tangu ujana wao. "Wewe wasemaje?"

Bilali alivua glavu, akakitazama kiganja chake. Zamani mipira ile ilikivimbisha hata akashindwa kumega ugali, mkewe akamkanda kwa maji ya chumvi.

"Sema basi, bwana," Shomari akacheka. "Au umemeza ulimi?"

"Hakiumi tena, ndugu yangu. Tangu masika hakijauma. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Shomari akakishika kiganja kile, akakipapasa kwa kidole gumba. Kilikuwa laini. Kocha alikuwa bado amenyoosha mkono, lakini Shomari aliuweka mpira katika kiganja cha Bilali, akamfumba vidole, kimoja kimoja.