Panya Kumi na Mmoja

"Usimchome! Subiri, nakuomba!"

Profesa aliingia chumba cha dharura akihema, kamba za kiatu kimoja zikiburuta. Daktari wa zamu, mama mfupi mwenye miwani, alikuwa ameshika bomba la sindano. Kitandani alilala binti wa pekee wa profesa, mfamasia wa hospitali hiyohiyo, macho ameyafumba kwa nguvu, mwili ukitetemeka hadi vyuma vya kitanda vikalia.

Nusu saa kabla, profesa alikuwa ofisini, mlango ameufunga, akitazama orodha ya machapisho yake mtandaoni. Makala themanini na sita. Ile moja, ya dawa ya kifafa, ilikuwa imenukuliwa na wenzake mara elfu moja mia mbili na nne. Jana yake ilikuwa elfu moja mia mbili na moja. Wenzake ofisini walidhani anaringa kwa kuifungua kila asubuhi. Hawakujua kwamba anaogopa kuiona namba ile ikipanda.

Ndipo simu ikalia. "Binti yako ameanguka kazini."

Sasa alisimama kati ya kitanda na daktari, mikono ameitanua.

"Profesa, nipishe," daktari alisema. "Dawa ya kawaida imeshindwa. Nampa hii, kipimo maradufu."

"Nani kakwambia maradufu?"

"Mbona unanitania? Si wewe mwenyewe uliyeandika?"

"Mpe nusu."

"Makala yako inasema nusu haifui dafu."

"Kila mwili na mambo yake, daktari. Huyu mwanangu mwepesi, tangu utotoni..."

"Watafiti zaidi ya elfu wamekunukuu. Mimi ni nani nibishane nao?" Daktari aliusogelea mkono wa mgonjwa. Muuguzi mmoja alikuwa pembeni na faili lake, akiandika. "Siwezi kumwacha hivi kwa sababu baba ameingiwa na hofu. Nipe sababu ya kitabibu."

Sababu anayo. Amelala nayo miaka tisa. Mwaka huu wote binti huyu alikuwa akimpigia simu kila wiki: "Baba, nimerudia jaribio lako, mbona sipati majibu yako?" Naye alimjibu lilelile: "Ongeza umakini, mama."

Ncha ya sindano iligusa ngozi.

"Walikufa!"

Daktari alisita. "Nani?"

"Panya. Walikuwa arobaini." Sauti ilimtoka nyembamba, kama si yake. "Kwa kipimo hicho kumi na mmoja waliacha kupumua. Asubuhi niliwakuta wamekakamaa. Nikawatupa, nikawafuta kwenye daftari."

"Na makala?"

"Nikaandika wote wazima."

"Sema tena, profesa. Muuguzi hakusikia vizuri."

"Nilidanganya!" Alipiga kelele hadi mtu akachungulia kutoka ukumbini. "Panya kumi na mmoja walikufa, na mimi nikaandika wote wazima! Kipimo hicho kinaua! Niondoleeni sindano hiyo karibu na mwanangu!"

Daktari aliiweka sindano kwenye sinia, taratibu. Profesa aliona aibu itakayokuja: barua za majarida, ofisi kukabidhiwa mwingine, wanafunzi wakimkwepa kwenye ngazi. Yote yalikuwa mepesi. Alipiga magoti, akaushika mkono wa binti yake kwa mikono yote miwili.

"Mama. Baba yako nipo. Hawakuchomi tena. Nisamehe, mama yangu, usiniache."

Mtetemeko ukapungua. Ukaisha. Alisikia kalamu ya muuguzi ikimalizia mstari. Alikiinamia kifua cha mwanawe kusikiliza kama bado kinapanda na kushuka. Kilipanda. Kilishuka. Akaanza kulia kama mtoto.

Binti yake alifumbua macho, akaketi, akautoa mkono wake mikononi mwa baba bila kutetemeka hata kidogo, akamgeukia muuguzi.

"Umeandika yote? Basi mkimbizie mkurugenzi wa hospitali, maana mimi nilipomwonya alikataa kuniamini. Awasitishie dawa hiyo wale watoto sita wodini kabla hawajapewa ya mchana."