Jina Ndani ya Sanda

Sanda ilikuwa imefungwa kichwani, kiunoni na miguuni, na Tunu alikuwa amelazwa kitandani katikati ya sebule iliyojaa taa za filamu. Wanawake wa mtaani walioitwa kuja kulia walikuwa wameonywa mapema kwamba marehemu ni Zaina, jina la kwenye hadithi. Katika mji ule hakuna aliyewahi kuliliwa kwa jina lake akiwa hai.

Walianza na Zaina. Kilio kilipokolea, shangazi wa Tunu, Riziki, aliyemlea tangu mchanga, akajisahau.

"Tunu mwanangu, umeniacha na nani?"

Wenzake wakampokea. Sebule nzima ikamlilia Tunu.

Ubaridi ulimpanda kutoka nyayoni. "Shamte, simamisha," alimwambia mwongozaji kutoka ndani ya kitambaa. "Wananililia mimi. Futa hiyo."

"Nifute kilio kitamu namna hii?" Shamte alicheka. "Maiti gani wewe, una maneno kuliko wafiwa. Tulia."

Tunu akajikukurusha mpaka fundo la kichwani likalegea, akaketi, uso wazi, mikono ingali imebanwa ndani. Alitarajia wacheke, au walau mmoja aje amfungue. Kilio hakikukatika.

"Shangazi, nifungue. Niko hapa."

Riziki hakuinua macho. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akipapasa mto pale ulipobonyea kwa kichwa cha Tunu, akiufunika taratibu kwa kanga yake, kama anayefunika uso wa maiti.