Kesi ya Fagio la Asubuhi

Fagio lilikuwa limelazwa juu ya meza ya Mkuu wa Shule, kwenye kitambaa cheupe, kama maiti ya mtu mashuhuri. Mkuu alilitazama kwa uchungu. Kisha akamtazama msichana wa kidato cha nne aliyesimama karibu na kabati, na baba yake, aliyekuwa ameketi bila kukaribishwa.

"Ndugu mzazi," akaanza, "hili ndilo lililompotosha mwanao."

Ieleweke kwamba shule hiyo ilikuwa ya umma, yaani ya watu wote, na Mkuu hakuwahi kumlazimisha mtu dini. Sala ya asubuhi ilikuwa ya hiari kabisa. Aliyependa kusali kwa taratibu za kanisa la Mkuu alibaki ukumbini, kwenye kivuli na feni. Asiyependa, ama kwa kuwa alizaliwa katika dini nyingine, ama kwa ukaidi tu, alipewa fagio na uwanja mzima, akafagie kwa uhuru wake wote. Watu wanataka haki gani tena?

Mambo yalikwenda vizuri mpaka binti huyu alipoacha kitabu chake cha nyimbo juu ya benchi, akatoka nje, akachukua fagio na kuungana na rafiki zake juani. Hakumtukana mtu. Alifagia tu. Baada ya siku chache wengine wakamfuata, na kwaya ya asubuhi ikabaki na besi peke yake, ikinguruma kama lori bovu.

Mkuu, akiwa mtu wa huruma, hakumfukuza. Alichofanya ni kuifungia fomu yake ya mtihani wa mwisho ndani ya droo, pamoja na za wafagiaji wenzake, na kutangaza kwamba haitoki hata moja bila muhuri wa Mchungaji wa kanisa lake kuthibitisha mwenendo mwema. Fomu zilikuwa zinapelekwa wilayani mchana wa siku hiyo hiyo. Ambaye yake ingebaki angefanya mtihani mwakani, Mungu akipenda na Mkuu akiafiki.

Sasa akamchunguza mgeni. Shati limepauka kola, viatu vya raba, sauti imekauka kama ya mtu aliyeshinda akiita teksi. Akamwuliza anafanya kazi gani.

Mgeni akajibu kuwa kazi yake ni ya watu, na hukolea mwisho wa wiki: muziki, spika, na viti vya kukodi umati ukizidi. Jumatatu ndiyo siku yake ya kupumzika, ndiyo maana ameweza kuja.

Mkuu akatikisa kichwa taratibu. Mpiga disko. Kumbe ndiyo maana.

Akatoa nasaha fupi, ambazo hazikuwa fupi. Alieleza jinsi taifa linavyoharibikia sebuleni kwa watu, jinsi mtoto anayelelewa kwenye makelele asivyoweza kuisikia sauti ya mbinguni, na jinsi yeye mwenyewe, pamoja na majukumu yote haya, asivyokosa ibada hata Jumapili moja tangu Mchungaji mpya ahamie hapa mwaka jana.

"Jana tu nilikuwa benchi la mbele," akasema. "Mchungaji aliunguruma juu ya wazazi wa aina yako mpaka vioo vikatetemeka. Ungekuwepo ungelia."

Msichana aling'ata kola ya sare yake, akageukia kabati na kuanza kusoma kwa makini maandishi ya kwenye kitasa.

"Inawezekana," mgeni akasema kwa mkwaruzo wake. Akaomba maji, akanywa, akashukuru. "Mnafahamiana vizuri, wewe na huyo Mchungaji?"

"Yule ni kama mdogo wangu. Hafanyi jambo bila kunipigia simu. Kwa hiyo, mzee wangu, usijisumbue kwenda kumbembeleza. Nikimwambia asigonge, hagongi."

"Na hao watoto wengine, ambao hata si wa kanisa lake?"

"Nao wamfuate huyo huyo. Hapa hatuna upendeleo. Muhuri ni mmoja kwa wote." Sentensi hiyo ilimpendeza sana Mkuu. Akajiahidi kuirudia kwenye kikao cha wazazi, ikiwezekana akiwa amesimama.

Mgeni akafikiri kidogo. Aliuliza kama ni kweli binti yake atapoteza mwaka mzima kwa kosa la kufagia uwanja, na Mkuu akamsahihisha kwa upole: si kwa kufagia, ni kwa kufagia bila kuagizwa.

"Lakini muhuri ukigongwa, fomu inaondoka leo?"

"Muhuri ukigongwa, mimi nani niizuie? Mchungaji akishasema, amesema." Mkuu alitamka hayo kwa raha ya mtu aliyefunga geti na kuumeza ufunguo. Akafungua droo, akaitoa fomu ya msichana na kuilaza kando ya fagio, ili baba mtu apaone vizuri pale palipo patupu.

Mgeni akaisoma yote, bila haraka. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali, akatoa muhuri wenye mpini wa mbao uliochakaa, akaupulizia pumzi na kuugandamiza pale pale palipokuwa patupu.

"Naomba na za wenzake wote," akasema. "Na Jumapili ukipata nafasi, karibu kanisani, Mkuu. Benchi la mbele liko kwa seremala tangu mwezi uliopita, lakini nyuma hapakosi pa kukaa."