Kenge Aliyeyaita Mayai Mawe

Kwale alirudi kiotani akamkuta Kenge, yule bingwa wa maneno, anajilamba ute wa yai.

“Umeniulia mwanangu!” alifoka.

“Mwana gani, Bi Kwale?” Kenge alicheka. “Kitu hakili, hakipumui, hakitembei, hata ukikifinya hakilii! Hilo ni jiwe tu.” Na kesho yake akarudi akala jingine.

Hasira zilimpanda Kwale, maana alikuwa akiwasikia wanawe wakitikisika ndani ya maganda. Akayaficha mayai yaliyobaki, akaacha kiotani jiwe jeupe la mviringo.

Kenge alipolibana kwa pupa, meno yakamvunjika.

“Mshenzi wewe! Umeniwekea jiwe!”

“Kumbe jiwe unalijua,” alisema Kwale, manyoya yamemsimama. “Basi na wanangu uliwajua.”