Kitufe cha Sifuri

Upande wa ndani, mlango haukuwa na mkono wala tundu la ufunguo. Ulikuwa na vitufe vya namba kama vya simu ya zamani, na juu yake taa moja ndogo. Rehemah aliusukuma kwa bega. Ulikuwa wa chuma, na haukutikisika.

Dirishani palikuwa na nondo. Nje aliliona ziwa, na juu ya mapaa ya mabati ukuta mrefu wa gereza. Luzira, basi. Yeye na Luzira wapi na wapi? Nyumba yake iko Kyambogo, karibu na chuo anakofundisha. Hakukumbuka kuletwa hapa, na hilo ndilo lililomtia baridi. Wamenipa dawa, wallahi, alijiambia.

Wingu zito lilikuwa linapanda kutoka ziwani. Muda si mrefu Jibril, mwanawe wa darasa la kwanza, angetoka shule. Mtoto yule hakubali kushikwa mkono na mtu baki. Angesimama getini na begi lake mgongoni, mvua imnyeshee, mpaka amwone mama yake. Ilikuwa lazima atoke.

Mlango ulifunguka. Aliingia mwanamume mpana wa mabega, ndevu zimeanza kuota mvi, ufunguo unaning'inia shingoni kwa kamba. Alibeba chai na sahani ya gurusa, ule mkate mwembamba wa Wanubi. Mlango ukajifunga nyuma yake.

"Karibu chai, mama."

"Mnataka nini kwangu?"

"Hatutaki kitu. Kula kabla haijapoa."

"Nina mtoto. Ananisubiri getini."

Mwanamume alitazama sakafu. "Najua," alisema.

Rehemah aliziogopa nondo, lakini neno hilo aliliogopa zaidi. Wanamjua mtoto. Pengine wanajua hata geti lenyewe. Yule mtu akavikinga vitufe kwa kiganja, akabonyeza namba zake, akatoka.

Gurusa aliionja kwa hasira. Ilikuwa na chumvi kama anavyoiweka yeye, hapunguzi hazidishi. Lo! Watu hawa wamemchunguza mpaka jikoni.

Akaburuta kigoda, akakaa mbele ya kitasa kama fundi. Kitasa cha namna ile kinaendeshwa na chipu, na chipu ndiyo kazi yake. Kila mwaka huwaambia wanafunzi maneno yale yale: lugha ya kueleza saketi si kama maelekezo ya mapishi, eti hiki kwanza kisha kile. Mistari yake haisubiriani zamu. Saa ya chipu ikipiga, yote inafanya kazi kwa pamoja. Wavivu hawalielewi hilo, na wavivu huacha mianya.

Mwanya wa kwanza: wengi husahau kuiambia chipu iamke katika hali gani umeme ukirudi. Alichomoa plagi ya kitasa ukutani, akairudisha. Chipu ikaamka, mlango bado umefungwa. Wa pili: wengi hudhani vitufe vitabonyezwa kimoja baada ya kingine. Akabonyeza viwili kwa mpigo. Taa ikawa nyekundu, na kitasa kikakaa vile vile. Aliyekiunda hakuwa mvivu hata kidogo, na Rehemah akamchukia kwa hilo.

Akachomoa plagi tena, safari hii kwa ghadhabu tu, na alipoirudisha macho yake yalikuwa kwenye taa. Iliwaka kijani. Fupi, fupi, ndefu.

Hivyo ndivyo marehemu mama yake alivyokuwa akibisha hodi akirudi sokoni. Na ndivyo Rehemah anavyoiamsha kila chipu anayoiunda, ajue kwamba iko hai. Wanaoijua alama hiyo ni wanafunzi wake tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanafunzi wake ameiba kazi yake, na sasa wanamfungia nayo.

Lakini kama kazi ni yake, basi njia ipo. Katika kila kitasa alichowahi kuunda, Rehemah alijiachia mlango wa siri: ushikilie sifuri mpaka taa izimike, na kitasa kinaachia. Hilo hakumwambia mtu. Hata mumewe alikwenda kaburini bila kulijua.

Matone ya kwanza yalianguka kwenye mabati. Akaweka kidole kwenye sifuri, akashikilia. Taa ikazimika.

Akausukuma mlango. Haukuachia. Badala yake kengele ililia mahali fulani ndani ya nyumba, na nyayo zikaja mbio.

Rehemah akakinyanyua kigoda juu ya kichwa. Nyayo zilisimama nje. Mlango ukabishwa, taratibu: fupi, fupi, ndefu. Kisha ukafunguka, na yule mwanamume akasimama palepale, akakiona kigoda, asirudi nyuma.

"Nani alikuambia habari ya sifuri?" Rehemah aliuliza.

"Wewe."

"Muongo. Nipishe nipite, mtoto wangu ananyeshewa."

Mwanamume alikipokea kigoda kutoka mikononi mwake polepole, akakiweka chini, akamkalisha. Yeye akakaa sakafuni, miguuni pake, na mlango ukajifunga nyuma yao.

"Ulipoanza kupotea njiani ukakiunda kitasa hiki, mama, ukasema siku utakayofika kwenye sifuri utakuwa umeogopa sana. Ukaniapisha nisifungue hata ukilia. Nije tu, nikae na wewe."

Mvua ilishika kasi. Rehemah alikuwa analia, anatazama dirishani.

"Nilishatoka shule zamani, mama," alisema. "Ulikuja. Sikunyeshewa."