Bi Pimbi Apata Kiti cha Udiwani

Zamani wanyama wa Bondeni walikuwa na baraza lao, na kila baada ya miaka minne walipiga kura kuchagua madiwani. Bi Pimbi aligombea kiti cha kata yake mara tano, akitaka daraja lijengwe pale mtoni alipozama mwanawe. Mara zote tano alibwagwa na mzee Fungo, mwenye maneno matamu.

Mara ya sita Fungo hakupiga kampeni hata siku moja. Bi Pimbi akashinda, majirani wakambeba juu juu. Asubuhi alipofika barazani kuapishwa, alikuta mlango umefungwa, na Fungo ameketi kizingitini.

"Baraza limevunjwa, Bi Pimbi," Fungo akasema. "Tumemezwa na baraza kubwa la ng'ambo ya milima. Huko kata yetu hawaijui hata jina."

"Ulijua tangu lini, mzee wangu?"

"Tangu masika."

"Ukaniacha nizunguke nyumba kwa nyumba?"

Fungo akainamisha kichwa. "Nilikuona unacheka, dada yangu. Nikakosa moyo wa kukukatiza."

 Bi Pimbi aliketi kando yake akalia, na majirani waliokuja kumshangilia wakarudi makwao kimya kimya.