Kichupa cha Barafuni

Bi Mashavu, jirani yao, anadai kwamba Mwanaidi aliporudi kutoka masomoni alikitafutia kivuli kwanza kisanduku chake cha barafu, ndipo akaingia ndani kumwamkia mama yake mgonjwa.

"Mna nini humo?" mama aliuliza, akikitazama kisanduku kupitia mlangoni.

"Kimeng'enya, mama, kitu cha kuharakisha kazi za mwili. Ndicho nilichokihangaikia miaka yote. Kesho wakubwa wa maabara wakikiona kinafanya kazi, nimeajiriwa. Kikipata joto tu, kimekufa."

"Kumbe ndiye huyu aliyeninyang'anya mtoto." Mama alicheka, kikohozi kikamkatiza. Kisha akakunjua kiganja chake, kinawaka homa. "Hebu nipe nami nimshike kidogo."

Mwanaidi alikiendea kisanduku, akakileta kichupa cha kimeng'enya kwa ncha za vidole, akakishikilia juu ya kitanda bila kukishusha. Maji ya barafu yakawa yanadondokea shuka, na kiganja cha mama bado kimekunjuliwa.